Kufukuza mbu: kivumbasi au mwarobaini?

Kwa gharama, yote bure: kivumbasi hujiotea kando ya mashamba, mwarobaini umejaa kwenye nyua za pwani. Kwa wepesi wa kazi, nampa kivumbasi. Fikicha majani mabichi kiganjani, harufu ya karafuu inapanda papo hapo, maana mara nyingi yana eujenoli, kiini kile kile cha karafuu. Tundika kitita dirishani au kiweke juu ya makaa jioni. Kikinyauka, nguvu hupungua, kata kingine. Mwarobaini unastahimili kiangazi, ila moshi wake mkali, na mafuta yake usimnyweshe mtoto kamwe. Umepanga chumba kimoja? Otesha kivumbasi kwenye kopo. Una ua mkubwa na ukame mrefu, mwarobaini utakufaa zaidi. Chandarua kibaki palepale, na mwenye homa apimwe malaria.