Koti la mtumba la Karume kwa aliyevuka miaka 50

Kwa kitambaa na ushonaji, makoti ya mtumba ya soko la Karume, Ilala, yanayapita mengi mapya ya Kariakoo. Sufu utaipata, na bitana iliyotulia pia. Shida ni kioo cha muuzaji: kinakuonyesha kifua tu, wakati kwa mtu mzima habari zote ziko mgongoni.

Umri hauleti kitambi peke yake. Mabega husogea mbele na mgongo wa juu huanza kupinda. Koti lililokatiwa mgongo ulionyooka likivaliwa hapo, pindo la nyuma hupanda, la mbele hushuka, na ukosi huachana na shingo. Simama ulivyozoea, usijikaze kama anayepigwa picha ya pasipoti, halafu mwenzako akuangalie kwa nyuma. Kidole kikipenya kati ya ukosi wa koti na wa shati, lirudishe. Kulirekebisha ni lazima ukosi ubanduliwe wote, na mafundi wengi huuharibu.

Kwenye bega, mshono wa mkono uishie unapoishia mfupa. Ukizidi sentimita 2, mkono unaning'inia na unaonekana umerithi koti la kaka mkubwa. Ukiambiwa "fundi atapunguza", usikubali: atafungua bitana, ang'oe mkono, akate pedi, kisha aurudishie mkono bila mikunjo. Ufundi huo unaweza kuzidi bei ya koti lenyewe.

Kiuno hakina ugumu huo. Funga kifungo kimoja, cha juu kama viko viwili. Mikunjo ikichora X, linabana. Papasa mshono wa kati wa mgongo juu ya bitana: makoti ya kiume mara nyingi huachiwa akiba ya kitambaa, na fundi ataifungua. Ya kike huwa na akiba ndogo, kwa hiyo mama achukue kubwa kidogo lipunguzwe. Mwenye tumbo atafute kifungo kinachokaa juu kidogo ya kitovu. Kikiangukia kileleni mwa tumbo, chini kote linafunguka kama pazia. Pindo nalo lisiishie nyonga zilipo pana zaidi. Livuke hapo au lisifike.

Mikono mirefu hukatwa kirahisi, ila kagua vifungo vya mwisho wa mkono, karibu na kiganja: kama vinafunguka kweli, matundu yameshakatwa na ukipunguza yatabaki ukingoni.

Lebo ni pa kuanzia tu. La kiume la Italia au Ujerumani namba 50 ni 40 ya Uingereza. La kike, 14 ya Uingereza ni 10 ya Marekani.

Kwa joto la Dar, tafuta lenye bitana nusu mgongo. Poliesta juu na poliesta ndani haifai kabisa kwa mwanamke anayepandwa na joto la ghafla la ukomo wa hedhi. Atalivua kikao hakijaanza.

Kabla ya kutoa hela, litoe koti juani, ulitazame kifuani kwa upande. Ukiona malengelenge, gundi ya kitambaa cha kukaza kifua, kilichobandikwa kati ya kitambaa cha juu na bitana, imeachia, kwa maji au kwa pasi kali. Hilo halitengenezeki; usilichukue hata likiuzwa kwa bei ya fulana.