Mbao, mawe na rangi za jikoni: kipi kinastahimili maji, kipi kinafura mapema

Fungua kabati la chini ya sinki katika jiko lililokarabatiwa miaka michache tu iliyopita, upapase ukingo wa ubao pale bomba la majitaka linapopenya. Kama ubao ni chipubodi na fundi alitoboa tundu akaliacha wazi, utakuta umeumuka kama unga uliotiwa hamira, utepe wa kingo umebanduka, na ukiuminya, vumbi la mbao linabaki kidoleni. Juu yake kaunta inang'aa na milango haina doa. Majiko mengi huanza kuharibika hapo, kwenye kingo ambazo dukani hakuna anayezionyesha. Ndiyo maana tathmini hii inapima vifaa kwa maji, joto na mafuta kwanza, halafu uzuri.

Tuanze na mbao za kabati. Chipubodi ni chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi. Ikivikwa melamini, yaani ganda gumu la plastiki, pande zote inafaa kabisa kwa kabati za juu na za stoo, mahali pakavu. Tatizo lake jingine ni kwamba haishiki skrubu mara ya pili: bawaba ikilegea na kukazwa tena na tena, tundu linapanuka mpaka mlango unaning'inia. MDF ni nyuzi laini zilizoshindiliwa, uso wake hauna mishipa wala mafundo, kwa hiyo hakuna inayoishinda kwa milango ya kupakwa rangi. Lakini ukingo wake uliokatwa unanyonya maji kuliko uso, na ikishafura hairudi. Fundi makini hupiga kingo hizo praima, rangi ya msingi, mara mbili na kusugua msasa katikati kabla hajagusa rangi yenyewe. Plaiwudi ndiyo inayoshika skrubu vizuri na kuvumilia unyevu, mradi gundi yake iwe ya kustahimili maji na tabaka za ndani zisiwe na mapengo.

Jina la ubao kwenye risiti lisikutoshe. Omba kipande cha sentimita 10, pima unene wake, kitumbukize kwenye maji saa 24, kisha pima tena. Kilichonenepa kingoni hakifai karibu na sinki, hata muuzaji aapeje.

Uamuzi wetu: mwili wa kabati la sinki uwe plaiwudi ya milimita 18, na kila tundu la bomba lipakwe silikoni au vanishi ukutani mwake kabla bomba halijapita. Kabati nyingine zinaweza kuwa chipubodi yenye melamini, kwa sharti moja: utepe wa kingo uwe wa milimita 1 au 2. Ule wa milimita 0.4 hubanduka kwa mvuke wa sufuria na kugongwa na vyombo. Kabati zisimame juu ya miguu ya plastiki inayorekebishika, yenye urefu wa sentimita 10 hivi, ili maji ya kupiga deki yasifike kwenye ubao. Na kwa kabati za chini, chagua droo zinazotoka nje nzima badala ya milango na rafu. Sufuria iliyo nyuma kabisa unaiona ukiwa umesimama, huna haja ya kupiga magoti.

Kwenye kaunta, watu hushindwa kuamua kati ya graniti na kwatzi ya kiwandani. Graniti ni jiwe la asili, inavumilia sufuria ya moto vizuri, ila ina vinyweleo. Dondosha matone ya maji juu ya sampuli, subiri dakika 10 hadi 15: pakigeuka peusi, jiwe linanyonya na linahitaji dawa ya kuziba vinyweleo, tena irudiwe kila jaribio hili likishindwa. Graniti nyeusi ikague zaidi. Futa kwa kitambaa cheupe chenye asetoni, na kitambaa kikichafuka kwa weusi, jiwe limetiwa rangi ambayo ndimu na sabuni zitaitoa kwa madoa. Uzito nao si mdogo: mita moja ya mraba yenye unene wa sentimita 2 ina karibu kilo 54, na ya sentimita 3 karibu kilo 80. Kabati zisipokuwa sawa kwa pimamaji, jiwe litapasuka kwenye vipande vyembamba vinavyobaki mbele na nyuma ya tundu la sinki. Nyufa nyingi za graniti huanzia hapo.

Kwatzi ya kiwandani ni kwatzi iliyosagwa, takriban asilimia 90 ya uzito wake, ikashikamanishwa kwa resini, aina ya gundi ya plastiki. Hainyonyi, haihitaji dawa, na sampuli ya dukani inafanana na kitakacholetwa. Resini ndiyo inayoungua. Watengenezaji wengi hutaja nyuzijoto 150 kuwa kikomo, na mafuta ya kukaangia yako kwenye 180, kwa hiyo sufuria moja iliyotuliwa bila kitu chini inaweza kuacha duara la njano lisilofutika. Jua kali la dirishani pia huibadili rangi. Tena vumbi lake likikatwa ni hatari kubwa kwa mapafu ya fundi, kiasi kwamba Australia ilipiga marufuku mawe haya kuanzia Julai 1, 2024. Popote ulipo, usikubali jiwe la aina yoyote likatwe kavu ndani ya nyumba. Likatwe kwa maji, karakana, fundi akiwa amevaa barakoa inayostahili. Kwa mpishi anayetua sufuria popote, graniti inashinda. Kwa asiyetaka kukumbuka dawa ya kuziba, kwatzi.

Marumaru halisi tusiipendekeze kwa kaunta ya kupikia. Ni kalsiamu kaboneti, ndimu na siki huila, na dawa ya kuziba huzuia madoa tu, haizuii kuliwa huko. Kaunta ya mbao ni nzuri mbali na bomba. Karibu na sinki hugeuka nyeusi.

Sinki la chuma kisichoshika kutu liwe la daraja la 304. Wauzaji hupenda kuonyesha kwamba sumaku haigandi, lakini daraja la 201, ambalo ni hafifu zaidi, nalo mara nyingi haliishiki sumaku. Tafuta namba iliyochapwa kwenye chuma chenyewe.

Mpangilio uchorwe kabla ya kununua chochote. Pembetatu ya friji, sinki na jiko la kupikia inajulikana sana, lakini inamfikiria mpishi mmoja. Kipimo chenye manufaa zaidi ni kaunta tupu kati ya sinki na jiko: sentimita 90 zikipatikana, kukata, kuchambua na kupakua vyote vinafanyika hapo. Upande wa pili wa jiko acha angalau sentimita 30 hadi 40, mipini ya sufuria isitokeze njiani. Njia ya kupita iwe sentimita 100, au 120 wakipika wawili. Kimo cha kaunta kwa kawaida ni sentimita 90, ila mpishi akunje kiwiko, upime kutoka sakafuni hadi kiwikoni, kisha upunguze sentimita 10 hadi 15. Mgongo unaouma kila jioni mara nyingi ni kosa la kimo hiki. Na friji usiibane na ukuta: mlango usipofunguka zaidi ya nyuzi 90, droo zake za ndani hazitoki.

Ukuta wa nyuma ya jiko uwe na vigae vikubwa, maana mafuta huingia kwenye nafasi kati ya kigae na kigae, zinazojazwa grauti. Grauti ya saruji nyeupe itakuwa ya njano mapema. Grauti ya epoksi hainyonyi, ingawa inamtaka fundi mwepesi kwa sababu inakauka haraka. Pale kaunta inapokutana na ukuta usitie grauti kabisa. Tia silikoni, kwa kuwa pande hizo mbili husogea na grauti itapasuka na kupitisha maji.

Rangi iwe ya mwisho kuchaguliwa. Jiwe linapatikana kwa rangi chache, vigae kwa nyingi kidogo, lakini rangi ya kopo huchanganywa ikafuata chochote. Wengi huanza na kopo, kisha wanahangaika kutafuta jiwe la kulingana nalo. Nyeusi inayong'aa huonyesha kila alama ya kidole na kila tone lililokauka. Krimu, kijivu chenye joto na rangi ya mbao iliyopauka huficha zaidi. Paka ubao wa sentimita 30 kwa 30 mara mbili, usimamishe wima kando ya sampuli ya jiwe, uutazame asubuhi na usiku chini ya taa utakazotumia. Taa ya kelvini 2700 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga) huifanya krimu kuwa njano, ya 6500 huitia ubuluu, na 4000 inafaa juu ya kaunta.

Andika namba ya rangi ndani ya mlango wa kabati la sinki na uhifadhi kopo dogo la masalio. Kona ya chini ya mlango huohuo ndiyo itakayohitaji kupakwa tena kwanza.