HP5 Plus kwa 1600: usiku wa Kamalondo bila flashi

Binamu yangu aliniletea roli tatu za Ilford HP5 Plus, filamu ya picha nyeusi na nyeupe, alipokuwa anarudi kutoka Johannesburg. Boksi linasema 400, ndiyo spidi yake (ISO), yaani wepesi wa kunasa mwanga. Zote tatu nimezipiga kwa 1600, usiku, hapa hapa Lubumbashi, na ninaandika haya kwa ajili ya yeyote mwenye kamera ya baba yake kabatini ambaye bado anadhani filamu ni kazi ya mchana.

Kilichonifikisha huko ni michopo, nyama ya mbuzi ya kuchoma. Kamalondo kuna muzei anayechoma mbuzi kila jioni chini ya balbu moja. Moshi ukipanda kutoka kwenye makaa unapita mbele ya uso wake, unafunika, unafunua. Niliwahi kumpiga kwa flashi: moshi ukawa ukuta mweupe, na yeye nyuma yake akawa kama mtu aliyekurupushwa usingizini. Nikiacha flashi na kubaki na 400, kamera yangu, Pentax K1000, hata nikiifungua lenzi mpaka mwisho, f/2, inataka 1/15 ya sekunde. Mtu anayegeuza nyama motoni hatulii hivyo, na mkono wangu pia hautulii. Kwa 1600 napata 1/60. Vidole vinaonekana ni vidole, na kisu ni kisu.

Tunasema tunaisukuma filamu, lakini ukweli ni kwamba filamu yenyewe haibadiliki. Ukigeuza gurudumu la spidi ya filamu hadi 1600 umeinyima mwanga wa stopu mbili (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu), basi. Baadaye unaiacha ndani ya dawa ya kusafishia muda mrefu zaidi ili kile kidogo kilichoingia kikolee. Palipopata mwanga patakolea, na pale penye mwanga mwingi patakolea kupita kiasi, ndiyo maana picha inatoka na weusi mkali na weupe mkali. Pale ambapo mwanga haukufika hakuna cha kukoleza, hata filamu ilale kwenye dawa mpaka asubuhi. Nililielewa hili siku nilipoinua negativu dirishani, ambako penye mwanga huwa peusi na penye giza huwa wazi: balbu ilikuwa nukta nyeusi tii, shavu la muzei lilikuwa na kijivu cha kila namna, na koti lake jeusi halikuwepo. Plastiki tupu, angavu kama kioo.

Hapo ndipo suala la ngozi zetu linapokuja, na hili sijaliona likielezwa vya kutosha. Kipima mwanga cha kamera hudhani kila unachokilenga ni kijivu cha wastani. Kwa hiyo wengi tulifundishwa kwamba ukipima uso mweusi ufunge lenzi stopu moja, usije ukatoka umepauka. Mchana, kwa 400, ninafanya hivyo na matokeo ni mazuri. Usiku, kwa 1600, stopu hiyo moja inausukuma uso mpaka kule liliko koti. Kwenye roli ya pili nilifunga kama nilivyozoea, na nyuso za watu ninaowaheshimu zikatoka macho tu gizani. Iliniuma sana. Roli ya tatu nilipima shavu lililo upande wa balbu nikaliacha kama sindano ya kipima mwanga ilivyosema, bila kufunga chochote. Jasho kwenye paji la uso likaonekana, na mikunjo pembeni ya macho pia.

Kupima kwenyewe kunataka uvumilivu, maana sindano ya K1000 haina taa na gizani huioni. Dawa yake ni kusogea mpaka uso wenye mwanga ujaze kioo cha kutazamia. Sindano inaonekana dhidi ya mwanga huo. Unaweka f na spidi, unarudi nyuma, hugusi kitu tena. "Sogea mwanangu," muzei aliniambia, "lakini usinizibie wateja."

Roli ya kwanza sijaizungumzia kwa sababu iliharibika kabla sijaiona. Niliipeleka studio moja, nikawaambia kwa mdomo kwamba ni 1600, wakaisafisha kama 400. Negativu zikarudi nyembamba, karibu hazina kitu. Roli nzima husafishwa kwa muda mmoja, kwa hiyo ukianza na 1600 maliza na 1600, na uandike kwa kalamu ya wino mzito juu ya kopo lenyewe. Tangu siku hiyo ninasafisha mwenyewe.

Dawa niliyotumia ni ID-11, bila kuongeza maji. Ilford wanataja dakika 7 na nusu kwa 400 na dakika 14 kwa 1600, kwa nyuzi 20. Tatizo letu liko kwenye hizo 20. Ilikuwa Oktoba, mvua hazijaanza, na maji ya bomba yalisoma 26. Roli ya pili niliiacha dakika zote 14 kwa joto hilo, na juu ya nyuso zilizokwisha kuzama nikaongeza balbu na mashati meupe yaliyoungua yasirudishike. Kwa ya tatu nilinunua barafu, nikazungushia chupa za dawa ndani ya beseni, nikasubiri kipimajoto kishuke mpaka 20 kabla ya kumimina. Nilipindua tangi mara nne mwanzoni mwa kila dakika, kisha nikaliacha limetulia. Ukitikisa bila kupumzika unaongeza ukali ambao tayari ni mwingi. Juni na Julai, wakati wa baridi, barafu si lazima.

Chembechembe za filamu zipo, utaziona hasa kwenye moshi. Mimi nazipenda. Kwa moshi na kuta za matofali zinafaa; kwa picha ya bibi harusi nisingezitumia, ningebaki na 400 na dirisha kubwa. Watu huniuliza kwa nini nisinunue Delta 3200, filamu nyingine ya Ilford iliyoandikwa 3200. Ni filamu nzuri, lakini spidi yake halisi inakaribia 1000, kwa hiyo nayo inasukumwa, na HP5 moja hunifaa mchana na usiku.

Picha moja nilimpelekea muzei. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaweka kidole pale lilipopaswa kuwa koti.

"Na koti yangu iko wapi?"

Nimemwomba avae shati la kaki Jumamosi. Binamu anasafiri tena mwezi ujao, na nimeagiza roli tano.