Uzoefu wangu: kozi ya kuchora viumbe wa hadithi pamoja na watoto

Nimeimaliza kozi hii ya video pamoja na wanangu wawili. Mkubwa yuko darasa la tano, mdogo ndiyo kwanza anajifunza kusoma. Kwa jumla ni kozi nzuri. Naanza kwa kusema hivyo kwa sababu malalamiko ninayo, tena mengine si madogo.

Kila somo lina kiumbe wake. Mwalimu anasimulia kisa kwa kifupi, anaonyesha mchoro au sanamu ya kale inayomhusu kiumbe huyo, halafu watoto wanapewa kazi. Vifaa ni penseli, krayoni, rangi za maji, karatasi na gundi, basi. Kilichonivutia ni kwamba mwalimu haanzi na kiumbe mwenyewe, anaanza na wanyama tunaowajua. Kabla ya kumgusa grifini, yule nusu simba nusu tai, watoto huchora mguu wa simba, kisha bawa na mdomo wa tai, kila kimoja kwenye karatasi yake. Joka la Kichina nalo halikutajwa mpaka walipokwisha kuchora pembe za paa, magamba ya samaki na kucha za tai. Mtoto akija kuunganisha viungo hivyo, anakuta kiumbe wa ajabu ametengenezwa na vitu ambavyo mkono wake umeshavizoea. Haulizi tena "nianzie wapi?", swali ambalo nyumbani kwetu lilikuwa likiishia kwenye machozi.

Somo lililonishika zaidi ni la lamassu, yule mlinzi wa milango ya majumba ya wafalme wa Ashuru: kichwa cha mwanadamu mwenye ndevu, mwili wa fahali, mabawa ya ndege. Picha iliyotumika ni ya sanamu kutoka Khorsabad, kwenye jumba la mfalme Sargon II wa karne ya 8 kabla ya Kristo, ambazo baadhi yake leo zimo kwenye jumba la makumbusho la Louvre, Paris. Mdogo aliitazama, akasogeza uso hadi karibu aguse kioo, akasema, "Mama, huyu ana miguu mitano!" Tukahesabu wote, ni kweli mitano. Ukisimama mbele yake unaona miwili, naye amesimama wima kukuzuia. Ukipita ubavuni unaona minne, naye anatembea. Mchongaji alitaka akamilike kila upande, kwa hiyo akaongeza mguu. Mwalimu hakulieleza jambo hili mwanzoni, aliwaacha watoto waligundue wenyewe kwanza, na kwa hilo nampa alama zote. Tangu siku hiyo mkubwa huchora gari lenye magurudumu matano na ukimuuliza anakujibu kwamba inategemea umesimama wapi.

Somo jingine zuri linamhusu mnyama halisi. Mwaka 1515 kifaru aliletwa Lisbon kutoka India, na mchoraji Mjerumani Albrecht Dürer, akiwa Nuremberg, akamchora kwa ajili ya ubao wa kuchapia bila kumwona hata siku moja. Alitegemea maelezo ya barua na mchoro mdogo wa mtu mwingine. Akamvisha ngozi kama vazi la chuma la askari na kumwotesha kipembe cha ziada mabegani, na kwa muda mrefu watu wengi Ulaya waliamini kifaru ndivyo alivyo. Baada ya kisa hicho mzazi anatakiwa amweleze mnyama fulani bila kumtaja jina, watoto wachore. Mimi nilimchagua kakakuona: ana magamba karibu mwili mzima, hana meno, ulimi wake mrefu kupita kiasi, akishtuka anajiviringisha. Mdogo alileta samaki mwenye miguu na ulimi uliotoka nje ya karatasi ukaendelea mezani. Mkubwa alikaribia, ila alimpa manyoya kwa sababu mimi sikusema kuwa hana. Kwa somo moja wakaelewa jinsi mnyama wa kweli anavyogeuka zimwi akipita midomoni mwa watu wengi.

Kappa wa mito ya Japani, mwenye gamba la kobe mgongoni na kisahani cha maji utosini, walimpenda kwa sababu ya hila ya kumshinda: unamwinamia kwa heshima, naye anakuinamia, maji yanamwagika, nguvu zinamwishia. Kuchora walichora kidogo, kuinamiana ndiko kulikochukua muda.

Kazi ya alebrije za Mexico ijiandalieni. Ni wale wanyama wa rangi kali walioanzishwa katika miaka ya 1930 na Pedro Linares, fundi wa sanamu za karatasi wa Jiji la Mexico, ambaye alisimulia kwamba aliwaona ndotoni akiwa hoi kwa homa. Video inasema kazi ni ya "mchana mmoja". Si kweli. Magazeti na gundi ya unga havikauki upesi hivyo, na ukipaka rangi mapema karatasi inavimba na kubanduka.

Sasa malalamiko. Kuelekea mwisho kozi inalegea: badala ya kuchora, watoto wanapewa kurasa zenye farasi mwenye pembe moja aliyekwisha kuchorwa, wao wajaze rangi tu. Wanangu walimaliza haraka na hawakumzungumzia tena. Pili, Nyoka wa Upinde wa Mvua wa wenyeji asilia wa Australia amewekwa kwenye kapu moja na viumbe wa kuchekesha, apambwe kwa vumbi la kumetameta. Kwa watu wake huyo ni sehemu ya imani iliyo hai, na mwalimu alipaswa kuwaambia watoto hivyo japo kwa sentensi moja. Niliwaambia mimi.

Tatu, Afrika nzima imepewa Anansi peke yake, buibui mjanja wa Waakan wa Ghana. Anansi hana kasoro, lakini yuko wapi nunda mla watu? Paka wa sultani aliyeachiwa akala mifugo mpaka akahamia kwa watu, na kijana anayemsaka anamletea mama yake mnyama mmoja baada ya mwingine, kila mara akiambiwa siye. Mbwa siye, pundamilia siye, twiga siye, tembo naye siye. Kisa chenyewe kimeshajipanga kama somo la kuchora! Tulikifanya wenyewe kwenye karatasi ndefu ya kuunganisha, na nunda wa mwisho hakutoshea.

Kwa mtoto ambaye bado hashiki penseli vizuri, ngojeni kidogo, maana visa viwili vitatu vinatisha usiku. Kurasa za kuchapisha toeni kwa rangi nyeusi tu, inatosha. Awamu ya pili imetangazwa na nitailipia, ila nimeshawaandikia kuhusu zile kurasa za kujaza rangi. Jibu bado.