Window nimepigiwa, na mimi mwenyewe nimepigwa

Naandika hasira bado haijaisha kwa hiyo mtanivumilia nikirukaruka.

Mimi nina steshenari ndogo karibu na sekondari hapa Morogoro, kazi zote nafanyia HP EliteBook 8460p, used, niliinunua Kariakoo miaka hiyo. Imeshaanguka zaidi ya mara moja na bado inadunda. Ilikuwa na Windows 7 na mimi sikuwa na ugomvi nayo hata kidogo, ila tangu Chrome waache kuipa apdeti 2023 ikawa kila siku kuna ukurasa unagoma. Mtoto anakuja kujaza fomu za mkopo wa chuo, ukurasa unafunguka nusu, vitufe havibonyezeki, anasimamasimama pale, mwisho anaaga anavuka barabara kwa jirani. Nikaona nitakufa njaa nikiiangalia, nikaipeleka kwa fundi anipigie window, yaani aniwekee Windows upya. Simtaji wala ofisi yake siitaji, akisoma atajijua.

Mwanzoni alinifurahisha, siwezi kudanganya. Nilimwambia nataka Windows 11 kama ya shemeji, akaigeuza laptop, akasoma stika, akanielewesha vizuri tu kwamba ile inataka prosesa kuanzia jenereshini ya nane na kitu kinaitwa TPM 2.0, chipu ya usalama, yangu ni jenereshini ya pili, "hii ni bibi, dada angu". Akasema kuna njia za panya za kuilazimisha ila itakuja kukusumbua mbele, tuweke 10, japo nayo usapoti wake wa kawaida uliisha Oktoba 2025. Elfu kumi na tano, na Office ndani. Nikasema huyu kijana anaijua kazi. Akaniambia pia nitoe hiyo hard disk ya kuzunguka niweke SSD, ile disk ya kisasa isiyozunguka, elfu sitini, itakuwa inawaka kabla sijakaa kwenye kiti. Hapo nikamwangalia tu, moyoni nasema haya ndio yale, unakuja na elfu kumi na tano unaondoka na deni. Nikakataa. Hiyo SSD muikumbuke, nitairudia.

Sasa sikilizeni maswali aliyoniuliza. Office ya mwaka gani? Antivairasi niweke? Jina la kompyuta niandike nani? Paswedi unataka au iingie yenyewe? Lugha ya kibodi! Mpaka picha ya skrini aliniuliza napenda ipi. Swali moja tu ndio halikumtoka mdomoni: una vitu vyako humu?

Jioni narudi, namkuta anakula chipsi mayai juu ya laptop ya mtu mwingine. Yangu iko wazi, imewaka, inang'aa. Naingia kuangalia disk, naona C peke yake, GB 465, karibu yote tupu. D, ile sehemu ya pili ya disk hiyo hiyo, haipo. Nikadhani labda siku hizi inakaa sehemu nyingine, nikamuuliza fundi D iko wapi, akanijibu, "D nimeiunganisha na C dada angu, ili upate nafasi kubwa," huku anatabasamu kabisa, yaani anasubiri asante.

Tangu nianze kushika kompyuta nimefundishwa vitu vyako weka D, C ni ya window, ikifomatiwa C, D inabaki salama. Na ni kweli, window unaweza kuipiga bila kuigusa D kabisa, wala huhitaji kusomea. Huyu alifuta zote mbili akatengeneza moja. Ndani ya D kulikuwa na mitihani ya walimu, sivii za watu, picha, hizo nasamehe. Lakini kulikuwa na faili la kikoba. Mimi ni katibu, wanawake ishirini na nne, hisa, mikopo, riba, faini za wachelewaji, mfuko wa jamii, vyote kwenye Excel moja niliyoitengeneza kwa mkono wangu, na tulikuwa tumebakiza wiki chache kuvunja kikoba. Mwenyekiti alishawahi kusema daftari lisiachwe nikamwona mama wa zamani.

Nikamuuliza kwa nini hukuniuliza. Akajifuta mikono kwenye karatasi ya chipsi, taratibu, akasema, "Si ulisema nipige window? Kupiga window ndio kufomati, kila mtu anajua." Halafu akamgeukia mwenzake, "Mama anaulizia disk D," wakacheka. Jamani. Asubuhi nilikuwa dada angu, jioni nimekuwa mama. Hata pole hakunipa! Ningeambiwa pole tu nadhani hii yote nisingeiandika. Na elfu kumi na tano alichukua.

Aliyeniokoa ni kijana mmoja wa chuo, mteja wangu wa kuprinti. Nilipomsimulia akasema anti zima sasa hivi, usiiguse, kitu kilichofutwa hakijaondoka mpaka kingine kiandikwe juu yake. Akachomoa disk, akaiunganisha kwenye mashine yake kwa waya wa USB, akairushia PhotoRec usiku kucha. Ile programu inarudisha mafaili bila majina, yote yanaanza na f halafu namba ndefu, maelfu kwa maelfu, tukakaa tunafungua moja moja kama watu wanaochambua dagaa. Excel ya kikoba tuliipata mara mbili. Ya kwanza ikagoma kufunguka. Ya pili ikafunguka, ya miezi kama mitatu nyuma.

Hiyo miezi mitatu ndio ilinifanya nikonde. Ilibidi kila mtu aje na kitabu chake cha hisa na meseji za miamala kwenye simu, na cha ajabu hisa za watu wote zilikuwa zimeongezeka na madeni ya watu wote yamepungua. Mama mmoja meseji zake zote za mwezi ule zilikuwa "zimejifuta". Mwenyekiti hakusema kitu, alifungua tu mkoba akatoa daftari jipya akaniwekea mezani.

Sasa kinachonichanganya. Yule kijana wa chuo aliniuliza, anti kwa nini hukukubali SSD? Window ingepigwa kwenye SSD mpya, hii ya zamani ingetolewa ikakaa kabatini na kila kitu chake, D yako nzima nzima. Nikanyamaza. Kumbe mwizi niliyemkimbia ndiye aliyekuwa ananipa ushauri wa maana, bila yeye mwenyewe kujua!

Na laptop, niseme haki, iko vizuri. Fomu zinafunguka, printa imekubali bila kelele, jirani amepungukiwa na wateja. Kwa kupiga window peke yake ningempa nyota nne. Nilishaandika nne nikafuta, maana nikikumbuka kile kicheko mkono unatetemeka. Mbili. Hapana, moja, na hiyo moja ni ya kunieleza TPM.

Majuzi nimepita pale, akaniita mwenyewe, "Dada angu, ile SSD bado ipo, nakufanyia hamsini na tano." Dada angu tena! Nikamwambia nitafikiria. Na kweli nafikiria, ila siku hiyo nitakaa kwenye benchi lake kuanzia asubuhi, na disk ya zamani ikitoka tu inaingia kwenye pochi yangu.