Fundi wa fulana nyuma ya Soko Kuu, Mtwara: nyota nne

Nilitaka kuchapiwa fulana yenye ua la waridi jekundu na maneno "Demokrasia ya Kijamii". Mafundi wawili walinikatalia, mmoja akasema hataki mambo ya siasa fremuni kwake. Huyu wa tatu, kijana wa fremu ndogo nyuma ya Soko Kuu, aliuliza tu: "Mama, hiki chama gani?"

Si chama, nikamwambia, ni imani yangu na siifichi. Akanivutia stuli.

Mimi ni karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Tangu msimu wa 2007 korosho zetu zinapelekwa ghalani kwa stakabadhi, kisha mnadani. Mwenye gunia mbili na mwenye mia, daraja moja bei moja. Malipo yamewahi kuchelewa hadi watu wakakopa ada, sikatai. Lakini mnunuzi anapata faida yake bila kumvizia mkulima wakati wa njaa kwa kangomba, ule ununuzi wa magendo wa bei ya kutupa. Hicho ndicho ninachokiamini: biashara iwepo, na wanyonge wakae upande mmoja wa meza. Uswidi walitawaliwa na chama cha imani hii karibu mfululizo kuanzia 1932 hadi 1976. Kodi ikalipia matibabu na pensheni, na viwanda vya watu binafsi vikaendelea kufanya kazi.

"Si ndiyo Ujamaa huo?" akauliza. Swali zuri. Undugu upo, nikamjibu, ila baba yangu alihamishiwa kijiji cha Ujamaa kwa Operesheni Vijiji miaka ya 1970, akaacha mikorosho yake bila kuulizwa. Mimi nataka watu waulizwe kwanza, kwa kura.

Kazi yenyewe: alinishauri nichukue nyeupe, maana kijani na buluu zina wenyewe, vyama vya siasa. Shilingi 18,000, siku mbili. Nimeifua mara sita, waridi halijapasuka wala kola haijalegea. Nyota moja nimeipunguza kwa sababu mara ya kwanza aliandika "Kijami". Alirudia bila kudai hela, lakini nilipoteza nauli na siku nzima.

Niliivaa mnadani. Mzee mmoja mkulima aliisoma polepole, akaniomba nimweleze, tukaongea mpaka magari yakaanza kuondoka.

Nimeagiza nyingine mbili, moja ya yule mzee, moja ya binti yangu. Safari hii maneno nimeyaandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa, nikambandikia fundi ukutani.