Bima ya vitu vya nyumbani: kleimu wamelipa, ila nusu

Nawapa nyota 3 kati ya 5, na naeleza kwa nini maana wengi wetu tunakata bima, tunatupia karatasi kabatini, basi tumemaliza. Mimi miaka minne ada nalipa kwa wakati lakini mkataba wenyewe sijawahi kufika ukurasa wa pili.

Sasa bomba la darini likapasuka usiku, tunaamka maji yamefika kwenye vifundo vya miguu, godoro, friji, tivii vyote vimelowa. Asubuhi ile ile nikapiga simu, na hapa nawasifu kabisa, dada wa kleimu alinipokea vizuri akaniambia funga maji, piga picha kila kitu, usitupe chochote mpaka asesa, yaani mkaguzi wa hasara, aje. Godoro nilishaliburuta nje ikabidi nilirudishe ndani. Asesa alikuja kesho yake, mtu mtaratibu, akainamisha tivii kidogo maji yakachuruzika kwenye spika, akaandika namba ya nyuma halafu akaomba risiti, ambazo nyingi sina.

Kilichoniuma ni malipo. Siku ya kukata, wakala alinishauri tuandike thamani ndogo ili ada iwe nafuu, nami nikakubali, tukaandika kama nusu ya vitu vyote. Kumbe kuna kipengele cha wastani, ukikatia nusu ya mali basi na hasara unalipwa nusu, hata kama hasara yenyewe haijafika kiwango ulichoandika! Yaani mali ya 100 umeandika 50, imeharibika ya 40, unapata 20, na hapo bado wanatoa eksesi, ile sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe. Nimebishana nao wiki nzima mpaka wakanifungulia mkataba, kipengele kiko pale pale, na fomu ya maombi nimesaini mwenyewe.

Kampuni imefuata mkataba, sikatai. Ila wakala anayekijua kipengele hicho akanyamaza hajanitendea haki hata kidogo. Na jamani fomu ijazeni wenyewe, chochote kilichoandikwa mle kinahesabika umesema wewe, ukificha jambo la maana kleimu nzima inaweza kukataliwa.

Nimehuisha kwao tena, safari hii vitu nimeorodhesha chumba kwa chumba kwa thamani yake kamili, ada imepanda nimelipa, na wakala nimeomba wanibadilishie.